Acheni Kuniuliza Kidato cha Nne

Mwaka jana tulikuwa wanne katika chumba kidogo cha idara, wanafunzi wa shahada ya uzamili tuliopewa kazi ya kusahihisha majaribio ya mwaka wa kwanza. Feni ilikuwa imekufa, chai imepoa, kila mtu ana rundo lake. Mwenzetu mmoja akasoma jibu kwa sauti. Mwanafunzi alikuwa ametakiwa kueleza jedwali linasema nini, naye akajibu kwa sentensi tatu zilizopishana kama bajaji kwenye makutano yasiyo na taa. Tukacheka. Kisha yule mwenzetu akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Huyu lazima ni wa dip."

Nikacheka tena. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimjibu, kwamba chumba kilinyamaza, kwamba aliomba radhi. Haikuwa hivyo. Nilicheka, nikavuta karatasi nyingine, nikaendelea kuweka vema kwa kalamu nyekundu.

Mimi ni wa dip. Kwa asiyelijua neno hilo: ni mtu aliyeingia chuo kikuu kwa stashahada, si kwa kidato cha sita. Wapo walioichagua njia hiyo kwa akili zao timamu. Mimi sikuichagua. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016, na matokeo yalipotoka Januari nilikuwa na divisheni four ya pointi 31. Aliyesoma Tanzania anaweza kupiga hesabu hiyo akiwa usingizini: D nne, F tatu. Hisabati F, Fizikia F, Kiingereza F. Sitamlaumu mwalimu wala mchawi. Shule yetu ilikuwa na matatizo yake, lakini wapo waliokaa darasa lile lile wakapata divisheni one. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nilipenda mpira, na niliamini mtihani ni jambo linalowapata watu wengine.

Kwa hiyo nakubali kwamba nilifeli, tena kwa haki. Ninachokikataa ni kitu kingine: kwamba nilifeli mara moja na bado naulizwa mpaka leo.

Hesabu nimeulizwa mara ngapi. Nilipoomba chuo cha kati nilijaza namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne, ile inayoanza na herufi S, ikifuatiwa na namba ya kituo, namba ya mtahiniwa na mwaka. Hapo sawa, sikuwa na cheti kingine. Nikasoma astashahada, nikapanda ngazi mpaka stashahada, miaka mitatu. Nilipoomba chuo kikuu nikaijaza tena. Nikasoma shahada, nikamaliza. Nilipoomba kazi serikalini, tangazo lilitaka cheti halisi cha kidato cha nne kiambatishwe, tena lilisisitiza kwamba hati ya matokeo haipokelewi. Nilipoomba shahada ya uzamili, fomu ikaniuliza kidato cha nne kabla hata ya kuniuliza nataka kutafiti nini. Namba ya simu ya mama yangu naitafuta kwenye simu. Namba ile naijua kwa moyo.

Mtu atasema ni karatasi tu, wanahakiki majina. Si kweli. Sharti la kuingia shahada ya kwanza kwa mwenye stashahada lina sehemu mbili. Moja ni GPA isiyopungua 3.0 katika stashahada, na hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Nyingine ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne katika kidato cha nne, au cheti cha ufundi cha ngazi ya tatu badala yake. Maana yake, uwe umekaa chuoni miaka mitatu, umefaulu kila semista, umeandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo na kuitetea mbele ya jopo, bado mtoto wa miaka kumi na sita ndiye anayeshika ufunguo wa mlango.

Mimi D zangu zilikuwa nne kamili. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja miaka minne alikuwa nazo tatu. D inaanzia alama 30. 29 ni F. Hakuna anayejua alikosa kwa alama ngapi, maana cheti hakisemi, lakini yeye mwenyewe anaamini ilikuwa moja, na sioni faida ya kubishana naye. Nikaenda chuoni. Yeye akabaki Mwanza na bodaboda ya mjomba wake. Injini ile ameifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nilivyofungua kitabu chochote mwaka ule wa kwanza. Amerisiti mara tatu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mara ya kwanza alikosa, mara ya pili alikosa, mara ya tatu aliumia mguu wiki mbili kabla. Ukituweka leo kwenye meza moja utaona msomi na dereva. Miaka kumi iliyopita ungeona vijana wawili wanaogawana kalamu.

Nikiwa kidato cha nne, mwishoni mwa Mei 2016, serikali iliwaondoa Chuo Kikuu cha Dodoma wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati. Walikuwa wamechukuliwa kutoka kidato cha nne ili kuziba uhaba wa walimu. Wakafungasha mabegi, wengine hawana hata nauli. Siku chache baadaye, mwezi Juni, Rais Magufuli alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, akawazungumzia, na neno moja katika hotuba ile likabaki kuliko maktaba yenyewe: vilaza. Nakumbuka shuleni tulilipokea kwa shangwe. Aliyekosea kusoma Kiingereza kwa sauti aliitwa kilaza, aliyechelewa kilaza, golikipa aliyefungwa bao la kizembe kilaza. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolitumia sana. Miezi saba baadaye matokeo yakatoka, neno likawa limepata mwenyewe.

Baadaye wizara iliwachambua wanafunzi wale, wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu. Lakini neno halikuchambuliwa. Linaishi mpaka kwenye chumba chetu cha kusahihishia, limevaa nguo nyepesi tu, linaitwa "wa dip."

Sasa nije kwa wale wanaosema mstari ni mstari, ukishachorwa uheshimiwe. Nawauliza: mstari upi? Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa Februari 2013, na karibu watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Nchi ikataharuki, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na serikali ikaamua matokeo yafutwe na viwango vipangwe upya. Mwezi Mei yakatoka mengine. Hakuna aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Makaratasi yalikuwa yale yale, mwandiko ule ule, majibu yale yale ya kubahatisha, na maelfu waliolala na sifuri wakaamka na divisheni. Sisemi walipendelewa. Pengine ule wa pili ndio uliokuwa uamuzi wa haki. Nasema tu kwamba tuliona wenyewe, mchana kweupe, kwamba sifuri ni mahali ambapo watu fulani kwenye kikao fulani wameamua kuweka kalamu.

Na kalamu iliendelea kutembea. Matokeo ya mwaka 2014 yalitangazwa kwa mfumo wa GPA badala ya divisheni. Januari 2016 wizara ikaagiza turudi kwenye divisheni. Kuna kizazi kizima cha Watanzania ambao vyeti vyao vinahitaji mfasiri. Serikali ina haki ya kubadili mawazo kuhusu namna ya kupima, na ni vizuri ibadili. Lakini inayejirekebisha mara tatu ndani ya miaka mitatu haiwezi kuniambia kwamba mimi nilichokuwa siku ile ndicho nilicho.

Nizungumzie pesa kidogo, maana wenzangu wa kidato cha sita hawapendi kulizungumzia. Tangu Januari 2016 sekondari mpaka kidato cha nne haina ada katika shule za serikali, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikaondolewa. Jambo zuri kabisa. Ila tazama linavyofanya kazi kwa aliyeteleza. Aliyefaulu anaendelea kusomeshwa na umma. Aliyefeli anakabidhiwa kwa mama yake. Chuo changu kilikuwa cha binafsi, na mkopo wa serikali kwa stashahada ulikuja kuanza mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani chache, mimi nikiwa nimeshamaliza hata shahada. Mama anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Ada yangu ya semista ya kwanza ilitoka kwenye kiroba chini ya kitanda, noti zinanuka ziwa. Mhasibu wa chuo alizihesabu kwa ncha za vidole. Mama akamwambia, "Hesabu vizuri, mwanangu, hizo hazing'ati."

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa moja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukiwa darasani unasikia mabati yanashushwa. Nilikwenda pale nimejiandaa kukidharau, kama nilivyojidharau mwenyewe, na hapo ndipo nilipofundishwa takwimu na mtu aliyenifanya nielewe. Alikuwa mwalimu mwembamba, shati moja la bluu na moja jeupe. Notisi ziliandikwa kwa Kiingereza, mtihani ulikuwa wa Kiingereza, lakini siku alipoona macho yetu yamekufa aliweka chaki chini akauliza nani mzazi wake ana biashara. Nikanyoosha mkono. Akaniambia nitaje bei ya sado ya dagaa kwa siku kumi. Nikataja, nazijua, nimekulia humo. Akaziandika ubaoni, tukatafuta wastani. Kisha akauliza: mama yako akikopa pesa kwa kutegemea huo wastani, siku ngapi kati ya hizi kumi atalala na deni? Ndipo tukaanza kupima kila bei imekaa mbali kiasi gani na wastani, na kwa nini masoko mawili yenye wastani mmoja yanaweza kuwa moja la kuishi na moja la kufia.

Nilikuwa nimepata F ya Hisabati miezi tisa kabla. Siku ile nilitoka darasani nikaenda moja kwa moja kununua daftari la pili. Leo natafiti mikopo ya wanawake wadogo wa sokoni, na sehemu nzima ya tatu ya tasnifu yangu ni swali la yule mwalimu, limevalishwa suti.

Halafu nikahamia chuo kikuu. Stashahada mkononi, GPA inatosha na kuzidi. Nikaanza mwaka wa kwanza. Sikuanza wa pili, wala hata nusu ya wa kwanza. Nikakaa katika ukumbi wa watu mia tatu nikifundishwa wastani ni nini. Utangulizi wa takwimu, utangulizi wa maendeleo ya jamii, stadi za mawasiliano, matumizi ya kompyuta: yote nilikuwa nimeyafanyia mitihani na kufaulu. Nikaenda kuuliza kama kuna namna ya kuhesabiwa nilichokwisha kusoma. Ofisa mmoja, mtu mpole, alinitazama kama niliyeomba kupunguziwa nauli ya basi lililokwisha kuondoka. "Ninyi mnakuja kwa sifa linganishi," akasema. Linganishi. Nimelifikiria sana neno hilo. Nikifika mlangoni nalinganishwa na kidato cha sita, nikishaingia ndani miaka yangu mitatu haina wa kuilinganisha. Aliyepita kidato cha tano na sita anafika shahada kwa miaka mitano. Mimi sita, na mwaka wa ziada mzazi anaulipia.

Jibu huwa moja: tukilegeza, viwango vitashuka. Nalipenda jibu hili kwa sababu linaweza kupimwa. Kila chuo kikuu kinajua kila mwanafunzi wake aliingia kwa njia ipi. Kimeandikwa kwenye fomu ile ile yenye namba inayoanza na S. Kinajua nani aliacha, nani alirudia mwaka, nani alimaliza na GPA ngapi. Basi chapisheni. Wekeni wa dip upande huu na wa kidato cha sita upande ule, miaka kumi, kozi kwa kozi. Kama sisi ndio tunaoshusha viwango, itaonekana, nami nitaandika makala nyingine ya kuomba radhi. Mpaka siku hiyo "lazima ni wa dip" ni umbeya, hata ukisemwa na mtu mwenye shahada mbili. Karatasi ile iliyotuchekesha, kwa taarifa yenu, niliifuatilia. Sitasema mwandishi wake aliingia kwa njia gani, kwa sababu hilo ndilo swali ninalowaomba muache kuuliza.

Na kuna jambo ambalo wapenda viwango hawalitazami usoni. Aprili 2017 Rais alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti: watumishi wa umma 9,932 wana vyeti vya kughushi. Sitetei kughushi. Muuguzi bandia ni hatari, mwalimu bandia ni hasara. Lakini nilisoma habari zile nikiwa na D zangu nne mpya mfukoni, na nikaelewa kishawishi kwa namna ambayo mwenye divisheni one hawezi kukielewa. Ukiwaambia watu kwamba karatasi moja ya ujanani itaulizwa maisha yote, na hakuna kitu watakachokifanya baadaye kitakachoifunika, umetengeneza soko. Kisha unashangaa kukuta wauzaji.

Tuliwahi kufikiri vingine. Azimio la Musoma, mwaka 1974, lilitaka watu wasitoke shuleni na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Wafanye kazi kwanza, na waliokaa nao kazini waseme ni watu wa namna gani. Lilikuwa na kasoro zake, likalegezwa, likaachwa. Sitamani lirudi. Lakini angalau lilidhani kwamba mtu anaendelea kuwa mtu baada ya mtihani.

Mwaka huu shule yangu ya zamani imenialika nikaongee na kidato cha nne. Mwalimu aliyenipigia alifurahi sana. "Njoo uwaambie ulivyopambana," akasema, "waone kwamba four si mwisho." Nimekataa mara ya kwanza, naye hakuelewa. Sijakataa kwa maringo. Najua hotuba ile; nimeshaisikia kwa watu wengine. Mtu anasimama, suruali imenyooshwa, anasema mimi nilipata four kama ninyi, leo niko hapa, hakuna kisichowezekana. Wanafunzi wanapiga makofi. Na hotuba ile ina uongo ndani yake, kwa sababu inageuza bahati kuwa tabia. Nilianza astashahada tukiwa arobaini na moja. Tuliovaa joho la stashahada tulikuwa kumi na tisa. Wale ishirini na mbili sikuwazidi akili, na kadhaa walinisaidia kazi za nyumbani. Mmoja alipata mimba na baba wa mtoto akahama mji. Wawili walifukuzwa kwenye mtihani kwa deni la ada. Wengine nilimaliza sijui walipoishia. Siku moja kiti kilikuwa kitupu, wiki iliyofuata kikakaliwa na begi langu. Mimi nilikuwa na mama mwenye afya na mwaka wa dagaa wengi.

Nikienda pale, nitakachotaka kuwaambia hakifai kwa makofi. Ningewaambia wahesabu D zao. Ya nne ina thamani kuliko B ya kwanza, na ni upuuzi kwamba iko hivyo, na wakikua waje tuubomoe upuuzi huo pamoja. Ningewaambia wizara na tume zinaweza kuamua, kwa waraka wa ukurasa mmoja, kwamba mwenye stashahada haulizwi tena kidato cha nne, popote, si chuoni wala kwenye tangazo la kazi. Cheti cha juu kimemeza cha chini, kama vile hakuna anayemuuliza mwenye kidato cha sita alipata ngapi darasa la saba. Kama shida ni kuhakiki majina, tuna namba za NIDA. Na wakati wanaandika waraka huo, waongeze aya moja: somo ulilolifaulu stashahada na liko kwenye mtaala wa mwaka wa kwanza, limefauliwa.

Yule mwenzetu wa chumba cha kusahihishia, nilimwambia hatimaye. Ilinichukua miezi minne. Tulikuwa kwenye foleni ya chapati. Nikasema, "Mimi ni wa dip, unajua?" Akanitazama, akacheka, akasema, "Acha masihara, wewe?" Akadhani amenisifu.

Jana usiku rafiki yangu wa bodaboda ametuma ujumbe. Mguu umepona. Amejisajili tena, anakaa Novemba, na anataka nimtafutie mitihani ya nyuma ya Jiografia, ile yenye ramani. "Msomi," ameandika, "nisaidie tu hiyo D moja, mengine nitajua mwenyewe." Nimempata ya miaka sita. Leo mchana naenda kuitoa nakala.